MAARIFA YA NYUMBANI: Posta Moja, Majina Mengi

Posta Kuu ya Kampala, iliyoko Kampala Road, ni jengo moja, lakini ndani yake mna masanduku mengi ya barua: ya wizara, makanisa, misikiti, shule, maduka na watu binafsi. Barua huingia kwa njia moja, makarani huzichambua, na kila moja hutiwa katika sanduku la mwenyewe. Mwenye sanduku huja na ufunguo wake, hufungua, huchukua kilicho chake, akaenda zake. Hajui kilichomo katika sanduku la jirani, na jirani naye hajui kilichomo katika lake. Kwa sababu hiyo mtu huweza kutia katika bahasha habari za mshahara, za ugonjwa au za mirathi bila ya hofu, akijua kwamba jengo ni la watu wote lakini ufunguo ni wa mmoja.

Makala haya yahusu posta ya aina nyingine, yaani ile ya barua pepe, na namna kompyuta moja inavyoweza kupokea na kutunza barua za vyama vingi vyenye majina mbalimbali. Kazi hiyo si ngumu kama inavyodhaniwa, wala si nyepesi kama wasemavyo wauzaji. Ugumu wake haumo katika kuunganisha nyaya. Umo katika kuhakikisha kwamba barua ya mtu haiingii katika sanduku la mwingine.

Uhamisho na anwani

Katika kambi za askari na makazi ya polisi mna shule, zahanati, chama cha kuweka na kukopa, na vikundi vya akina mama. Vyote siku hizi hupokea barua pepe: orodha za karo, maombi ya mikopo, hati za wanachama, majibu ya hospitali. Aghalabu barua hizo hupelekwa kwenye anwani ya mtu mmoja, ama mwalimu, ama katibu, ama mhazini, ambaye alijifungulia sanduku la bure katika kampuni ya ng'ambo kwa jina lake mwenyewe.

Mpango huo wafaa maadamu mtu huyo yupo. Lakini askari na polisi ni watu wa uhamisho. Leo yuko Kampala, mwakani yuko Moroto au Gulu, na mwingine hupelekwa Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kuhudumu mwezi wa Machi 2007. Katibu akiondoka, anwani huondoka naye. Mjane aliyeandika kuulizia akiba ya marehemu mumewe huona kimya. Hakuna aliyemnyima jibu kwa makusudi. Barua yake imefika kwa mtu ambaye si katibu tena, na pengine mtu huyo hana mtandao huko aliko.

Dawa ya ugonjwa huo ni anwani iliyo mali ya kazi na si ya mtu. Anwani ya mhazini hubaki palepale, na mhazini mpya hupewa neno jipya la siri. Ili anwani ya namna hiyo iwepo, chama hakina budi kuwa na kikoa chake.

Kikoa ni nini

Anwani ya barua pepe ina sehemu mbili zilizotengwa na alama ya @. Alama hiyo ilichaguliwa mwaka 1971 na fundi wa Marekani, Ray Tomlinson, alipokuwa akitafuta njia ya kutuma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Upande wa kushoto ni jina la sanduku. Upande wa kulia ni jina la nyumba ambamo sanduku hilo limo, na jina hilo la nyumba ndilo liitwalo kikoa.

Chuo Kikuu cha Makerere kina mak.ac.ug, na Jeshi la Polisi la Uganda lina upf.go.ug. Herufi za mwisho, ug, ni za Uganda, nazo ziliandikishwa katika intaneti mwezi wa Machi 1995. Herufi za kati huonyesha kabila la nyumba: ac ni vyuo, go ni serikali, sc ni shule, or ni mashirika yasiyotafuta faida, na co ni biashara.

Kikoa hakinunuliwi milele. Huandikishwa na kulipiwa kwa muda, kisha hulipiwa tena. Ada isipolipwa kwa wakati, jina laweza kufungwa, na hatimaye kuchukuliwa na mtu mwingine, naye akaanza kupokea barua zisizo zake. Kwa hiyo yapasa kikoa kiandikishwe kwa jina la chama, na tarehe ya kulipia iandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano, isiachwe katika kichwa cha kijana mmoja anayejua kompyuta.

Mizizi yake Makerere

Wazo la kompyuta moja kuhudumia wengi si geni katika Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti ya kudumu haijafika Uganda, Makerere palikuwa na kituo cha barua pepe kilichojulikana kwa jina la MUKLA, kazi ambayo Charles Musisi aliisimamia. Kituo hicho kilitumia mtandao wa FidoNet. Barua zilikusanywa katika kompyuta, kisha kompyuta hiyo ikapigiana simu na nyingine, zikabadilishana mafungu ya barua na kukata simu mara moja, kwa kuwa simu za ng'ambo zilikuwa ghali. Njia ya kwenda ulimwenguni ilipitia London, katika kituo cha GreenNet. Vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam, Lusaka na Harare viliunganishwa na Kampala katika mradi huohuo wa Afrika Mashariki na Kusini.

Baadaye serikali nayo ilifuata njia ya nyumba ya pamoja. Mamlaka ya teknolojia ya habari, NITA-U, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, ilijenga mfumo mmoja wa barua pepe kwa ajili ya wizara na idara, uitwao kwa kifupi UMCS. Shabaha yake ilikuwa kuondoa hali ya kila ofisi kuwa na mtambo wake, na kuwaachisha watumishi kutumia anwani za binafsi katika kazi ya umma. Mtambo ni wa pamoja, lakini kila ofisi hubaki na jina lake.

Wahazini watatu

Na ichukuliwe kwa mfano kambi moja yenye vyama vitatu: shule, chama cha akiba na zahanati. Kila kimoja kina kikoa chake. Kwa kuwa majina ya kweli hayafai kutajwa, navipewe majina ya kubuni: shule.mfano, akiba.mfano na zahanati.mfano. Vyama hivyo havina fedha za kununua kompyuta tatu, na hakuna haja. Seva moja yatosha, yaani kompyuta isiyozimwa, yenye nambari ya kudumu katika intaneti.

Katika seva hiyo hufanya kazi programu mbili. Ya kwanza ni tarishi, ambaye hupokea barua kutoka nje na kupeleka zile za ndani. Tarishi mmoja anayetumiwa sana ni Postfix, aliyetungwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998. Ya pili ni mtunza bohari, ambaye huweka barua na kumfungulia mwenyewe ajapo na neno lake la siri. Kazi hiyo hufanywa sana na Dovecot, iliyoanzishwa na Timo Sirainen wa Finland mwaka 2002. Programu hizo mbili hutolewa bure, na yeyote aweza kuzitumia.

Hapa ndipo penye mtego. Shule ina mhazini, akiba ina mhazini, na zahanati ina mhazini. Anwani zao ni tatu:

mhazini@shule.mfano
mhazini@akiba.mfano
mhazini@zahanati.mfano

Kwa binadamu, hao ni watu watatu. Lakini ziko namna mbili za kumfundisha tarishi majina, na katika namna ya kwanza yeye humwona mtu mmoja tu.

Namna ya kwanza ni kumwambia tarishi, "Vikoa hivi vitatu vyote ni nyumba hii, yeyote aliyeandikwa katika kompyuta hii ana sanduku." Tarishi basi hutazama upande wa kushoto wa anwani peke yake. Akisoma mhazini, huitia barua katika sanduku la mtumiaji aitwaye mhazini, bila kujali kama iliandikwa kwa shule, kwa akiba au kwa zahanati. Mpango huu wafaa pale ambapo majina yote matatu ni ya chama kimoja kilichobadilisha jina. Kwa vyama vitatu mbalimbali, ni hatari. Maelezo ya ugonjwa wa mtoto yaliyotumwa zahanati yataangukia mezani kwa mhazini wa shule. Hesabu ya deni la askari itasomwa na mtu asiyehusika. Hakuna kengele italia, kwa kuwa kwa macho ya tarishi kazi imefanyika sawasawa.

Namna ya pili ni kutumia vikoa na masanduku ya kuandikwa katika daftari la tarishi, yasiyotegemea watumiaji wa kompyuta yenyewe. Katika daftari hilo anwani nzima, kushoto na kulia, ndiyo jina la sanduku. Barua za shule huwekwa katika jalada la shule, za akiba katika la akiba, na za zahanati katika la zahanati. Kila mhazini hujitambulisha kwa anwani yake kamili na neno lake la siri. Kwa seva ya vyama vingi, hii ndiyo njia ipasayo.

Liko sharti moja ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: kikoa kimoja kisiandikwe katika daftari mbili kwa wakati mmoja. Kikiwa katika orodha ya nyumba ya kawaida na pia katika orodha ya vikoa vya masanduku ya kuandikwa, tarishi hutatizika. Barua zinaweza kukataliwa, na mtumaji akaambiwa kwamba mtu huyo hayupo, ilhali yupo.

Kadhalika, kila kikoa chapasa kuwa na anwani ya postmaster, ambayo kwa kanuni za barua pepe hutumiwa na mafundi wa nje kuripoti hitilafu. Anwani hizo tatu zaweza kupelekwa katika sanduku moja la fundi, mradi sanduku hilo lisomwe.

Kibao cha njia

Daftari la ndani likiisha kuandikwa, dunia bado haijui kwamba barua za shule.mfano zipelekwe wapi. Habari hiyo huwekwa katika daftari kuu la majina ya intaneti, liitwalo DNS. Humo kila kikoa hupewa kibao cha njia, yaani rekodi ya MX, kinachosema, "Barua za nyumba hii zipelekwe kwenye seva fulani." Kikoa cha shule kina rekodi yake, cha akiba kina yake, na cha zahanati kina yake, lakini zote tatu huelekeza kwenye jina moja la seva. Yafaa ikumbukwe kwamba rekodi ya MX hutaja jina la seva. Nambari ya seva huandikwa mahali pengine, katika rekodi ya jina hilo.

Wengi hudhani kwamba kila kikoa chahitaji nambari yake ya intaneti. Sivyo. Nambari moja yatosha, na seva yenyewe huwa na jina lake moja. Kinachotakiwa ni kwamba mtu akiuliza, "Nambari hii ni ya nani?" ajibiwe jina la seva, na akiuliza, "Seva hii ina nambari gani?" ajibiwe nambari ileile. Majibu hayo mawili yakipingana, posta nyingi za nje huishuku seva hiyo na kuzikataa barua zake. Jibu la swali la kwanza huwekwa na kampuni iliyotoa nambari, si na wakala aliyeandikisha kikoa; kwa hiyo fundi asipoteze siku nzima akilitafuta mahali lisipokuwapo.

Mhuri wa kila jina

Zamani, mtu aliweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Katika barua pepe ni rahisi zaidi. Kanuni za kupelekeana barua zilizotolewa mwaka 1982 zilitungwa wakati mafundi walikuwa wachache na waliaminiana, nazo hazikumtaka mtumaji kuthibitisha jina lake. Matapeli wa leo huutumia mlango huo. Huandika kwa jina la ofisi kuahidi nafasi za kuandikishwa jeshini, kisha huomba fedha za "fomu". Huandika kwa jina la chama cha akiba kutaka neno la siri. Jamaa za askari ni windo lao, kwa sababu wana tumaini, na kwa sababu mshahara wa askari hujulikana siku uingiapo.

Mafundi wamebuni mihuri mitatu, nayo yahitajika kwa kila kikoa, si kwa seva tu.

Wa kwanza ni SPF. Hii ni orodha inayowekwa wazi katika DNS, ikitaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa. Wa pili ni DKIM. Seva hutia sahihi katika kila barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuhakiki sahihi huwekwa hadharani katika DNS. Barua ikibadilishwa njiani, sahihi huharibika. Wa tatu ni DMARC, ambao ni amri ya mwenye kikoa kwa posta za nje: barua isiyolingana na mihuri hiyo ipokewe tu, au itiwe kando kwa shaka, au ikataliwe kabisa. Desturi njema ni kuanza na amri ya kwanza, kuzisoma taarifa zinazorudi, kisha kuikaza hatua kwa hatua.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo hudai mihuri hii kwa ukali. Kila mtumaji atakiwa awe na SPF au DKIM, na mwenye kupeleka barua nyingi katika masanduku yao (kwa Google, zaidi ya 5,000 kwa siku) atakiwa awe na yote mitatu. Chama cha akiba chenye wanachama mia tatu hakifiki kiwango hicho, lakini wanachama wake wengi wana masanduku katika kampuni hizo. Pasipo mihuri, taarifa ya mkutano mkuu huangukia katika jalada la takataka.

Hata hivyo, mihuri haifanyi yote. Inalinda jina lenyewe, herufi kwa herufi. Tapeli akiandikisha jina linalofanana, lenye herufi moja zaidi, aweza kulitilia mihuri yake halali. Kwa hiyo mama aliyepokea barua ya kudai fedha asitosheke na jina lililo juu. Na alisome lote, polepole, kisha aulize ofisini.

Lango na mlinzi

Seva ina milango yenye nambari. Mlango wa 25 ni wa matarishi kupelekeana barua. Mlango wa 587 au 465 ni wa wanachama wenyewe kutuma, baada ya kujitambulisha. Mlango wa 993 ni wa kusoma barua zilizo katika bohari. Milango ya wanachama haina budi kufungwa kwa cheti cha usalama, ili neno la siri lisisomwe njiani. Cheti kimoja chenye jina la seva chatosha, na vyeti vya namna hiyo hupatikana bila malipo.

Mlango wa 25 wahitaji mlinzi mwenye amri mbili. Amri ya kwanza: barua kutoka nje ipokewe ikiwa ni ya mmoja wa vikoa vitatu tu. Seva inayopokea barua ya yeyote kwenda kwa yeyote hugeuzwa na matapeli kuwa punda wao, na kabla ya muda mrefu ulimwengu mzima huikataa. Amri ya pili: ikiwa sanduku halipo, barua ikataliwe palepale langoni. Fundi mwingine huona ni ukarimu kupokea kila kitu, hata anwani isiyokuwapo, na kukitia katika sanduku moja la jumla. Sanduku hilo hujaa takataka, na barua ya maana iliyokosewa herufi huzama humo bila mtumaji kujua. Ikikataliwa langoni, mtumaji huarifiwa, akasahihisha.

Katika nyumba ya pamoja, uzembe wa mmoja huwaadhibu wote. Mwalimu mmoja wa shule akitumia neno la siri kama 123456, tapeli akaingia na kutuma maelfu ya barua usiku, nambari ya seva huandikwa katika orodha za watuhumiwa, kama zile zitunzwazo na Spamhaus. Asubuhi barua za zahanati hukataliwa, ingawa zahanati haikukosa lolote. Kwa sababu hiyo fundi apange kiwango cha barua ambazo sanduku moja laweza kutuma kwa saa, na viongozi wa vyama vyote vitatu wakubaliane juu ya maneno ya siri kabla ya kuanza.

Foleni na ustahimilivu

Watu huuliza yatakuwaje umeme ukikatika au mtandao ukipotea. Barua pepe ilijengwa kwa subira. Tarishi wa mtumaji akikuta lango limefungwa, huiweka barua katika foleni na kurudi tena baadaye. Postfix, kwa mpango wake wa kawaida, huendelea kujaribu kwa siku 5 kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe. Kipimo hicho kilikaribiwa mwezi wa Januari 2021, intaneti ilipofungwa nchini Uganda wakati wa uchaguzi mkuu, kuanzia jioni ya tarehe 13 hadi tarehe 18. Barua iliyotumwa kutoka nje kwenda kwa seva iliyoko Kampala siku ya kwanza ilikuwa na saa chache tu za akiba.

Somo lake ni kwamba saa chache bila umeme hazipotezi barua inayokuja, lakini seva iliyoharibika na kukaa juma zima yaweza kupoteza nyingi. Na zile zilizokwisha kupokelewa hazina ulinzi mwingine ila nakala ya akiba. Nakala hiyo itunzwe mbali na seva, na mara kwa mara ijaribiwe kufunguliwa, kwani nakala isiyowahi kujaribiwa ni sawa na bunduki isiyowahi kusafishwa.

Nani ashike funguo

Si kila chama chafaa kuendesha seva yake. Seva ya barua hutaka mtu wa kuitazama kila siku, kusoma taarifa zake na kuitilia masahihisho ya usalama. Pasipo mtu huyo, ni heri kukodi huduma kwa kampuni ya nchini au ya ng'ambo, kwani nyingi hupokea vikoa zaidi ya kimoja. Hata hapo maswali hayabadiliki: je, wahazini watatu wana masanduku matatu? Je, kila kikoa kina rekodi ya MX na mihuri yake? Je, jina limeandikishwa kwa nani? Na kwa kuwa sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda data na faragha humwajibisha kila mwenye kushika habari za watu, kiongozi wa chama hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mambo ya kompyuta aliyaacha kwa fundi.

Kabla ya kuwatangazia wanachama anwani mpya, jaribio moja dogo latosha kufichua makosa mengi. Watu watatu waketi mbele ya masanduku matatu ya wahazini. Mtu wa nne, aliye nje ya kambi, atume barua tatu zenye maneno mbalimbali, moja kwa kila anwani. Kila mhazini aone moja tu, iliyo yake. Kisha itumwe ya nne kwa jina lisilokuwapo, nayo irudi kwa mtumaji. Mwisho kila mhazini ajibu, na mtu wa nje atazame kama majibu yamefika katika sanduku la kawaida au katika takataka.

Liko jaribio lingine, ambalo halihitaji fundi. Katibu apatapo amri ya uhamisho, akabidhi ofisi mbele ya mashahidi wawili: kikoa na tarehe ya kukilipia, neno la siri la wakala wa kikoa, la seva, la DNS, na mahali nakala ya akiba ilipo. Mrithi wake abadilishe maneno yote siku hiyohiyo, na yeye aliyeondoka ajaribu kuingia kwa neno la zamani. Akikataliwa, chama kimeshika posta yake. Akifaulu kuingia, makabidhiano hayajaisha, hata kama lori la mizigo limekwisha kuwasha mtambo.